Nilimpima Presha, Sikumpima Sukari

Nilimtibu mama mmoja presha kwa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo yote sikumpima sukari hata mara moja. Leo mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti. Mimi ndiye niliyekuwa nikimhudumia, mashine ya kupimia ilikuwepo, na hakuna mtu aliyenizuia kuitumia. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya cha serikali mkoani Tanga, na bado nipo kazini. Nimeamua kuyasema haya kwa sababu naamini kosa hili linafanyika hata leo katika vyumba vingi vya kliniki ya presha, na wanaolifanya ni watumishi wenye moyo na kazi yao, kama nilivyojiona mimi.

Siku ya kliniki ya presha benchi letu hujaa kabla jua halijachomoza sawasawa. Wengi ni wanawake wa makamo na wazee wa kiume wanaokuja kwa miguu au kwa bodaboda, na kila mmoja ana daftari lake la shule, lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani ili lisichakae. Muuguzi anamfunga mgonjwa kitambaa cha mashine mkononi, anaandika namba mbili zilizotenganishwa na mstari, mgonjwa anaingia kwangu. Naangalia namba, naandika dawa, anakwenda dirishani. Kukiwa na foleni, na foleni haikosekani, yote hayo humalizika kabla mgonjwa hajakaa vizuri kwenye kiti.

Mama ninayemsema alikuwa akiuza chai na maandazi kando ya barabara. Alianza kuja kwetu akiwa na presha ya 182 kwa 104. Nilimwanzishia dawa mbili, mojawapo ya kukojoza, na baada ya miezi michache daftari lake likawa linapendeza: 160, 152, 148 kwa 90. Nilikuwa nikiandika "nafuu" na kumrudisha mwezi unaofuata. Alikuwa mgonjwa ambaye kila mhudumu angependa kuwa naye. Hakukosa tarehe, hakukosa dawa, chumvi alipunguza tulipomwambia apunguze. Nilikuwa nikimwamkia "Shikamoo mama," naye akiitikia "Marahaba mwanangu," na mara nyingi aliniwekea maandazi mawili kwenye mfuko wa karatasi.

Mama huyu aliniambia ugonjwa wake kwa kinywa chake mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mara ya kwanza alilalamikia mkojo. "Mwanangu, siku hizi nalala na ndoo kando ya kitanda," alisema. Nilimuuliza dawa ya kukojoza anaimeza saa ngapi. Akasema jioni, akishafunga biashara. Nikamweleza kwa ujasiri kwamba hiyo ndiyo sababu, aimeze asubuhi na mambo yatatulia. Jibu lilikuwa na mantiki, na kwa wagonjwa wengi lingekuwa sahihi. Mwezi uliofuata ndoo ilikuwa bado iko pale pale. Nikamwambia aipe dawa muda.

Baadaye alikuja akiwashwa sehemu za siri. Nilimwandikia krimu ya fangasi. Ikapoa, ikarudi, nikamwandikia tena. Macho yakaanza kuona ukungu. Nikamwambia ni umri, atafute miwani. Akaanza kupungua. Gauni la kliniki, lile la kitenge alilokuwa akilivaa kila anapokuja, likawa linamning'inia mabegani. Nikampongeza. Nilimtoa hadi benchini na kuwaambia wenzake wamtazame, huyu ndiye anayefuata masharti, anapunguza mwili. Walimpigia makofi. Alikuwa akikonda kwa kisukari mbele ya macho yangu, na mimi niliwaomba watu wapige makofi.

Kila dalili niliipatia maelezo yake, na kila maelezo yalisimama yakiwa peke yake. Kukojoa, kuwashwa, ukungu wa macho, kukonda. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeulizwa hizo nne kwenye mtihani angejibu bila kufikiri. Lakini mimi sikuziona kwa pamoja, kwa sababu huyu alikuwa ameshapewa jina kwenye akili yangu. Alikuwa "mgonjwa wa presha". Wagonjwa wa sukari walikuwa na siku yao nyingine na rejesta yao nyingine.

Kaa la moto lilimwangukia mguuni akiwa anakaanga maandazi. Hakusikia. Mjukuu wake ndiye aliyeona ngozi ya kidole imegeuka nyeupe, na kaa limeshazimika kwenye kandambili. Mtu asiyesikia moto juu ya ngozi yake ameshaharibika mishipa ya fahamu, na hilo haliji kwa wiki moja. Akajitibu nyumbani kwa asali na vidonge vilivyopondwa kutoka duka la dawa. Kidonda kikapanda kutoka kidoleni hadi kwenye wayo. Walipompeleka hospitali ya wilaya, sukari yake ilikuwa 27, wakati ya mtu mzima asiye na kisukari ambaye hajala kitu tangu usiku haitakiwi kufika hata 7. Kutoka hapo alipelekwa hospitali ya rufaa, na huko wakaukata mguu ili kumwokoa yeye.

Kijana wake alikuja kituoni na karatasi ya kutoka wodini. Alikuwa mpole. Aliniuliza, "Daktari, mama si alikuwa anakuja kwako kila mwezi?"

Nikamjibu, "Sukari huwa inakuja ghafla."

Nilidanganya. Kisukari cha aina ya pili, hiki kinachowapata watu wazima wengi, hakiji ghafla. Kinaweza kukaa mwilini kwa miaka kabla hakijajulikana, kikila mishipa ya macho, figo na miguu polepole, na mwenye nacho akiendelea na shughuli zake. Nililijua hilo nilipokuwa nikimjibu. Kosa la kwanza nililifanya kwa kutofikiri, lakini hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, nikijikinga na aibu mbele ya mtu ambaye mama yake alikuwa amepoteza mguu.

Sasa niseme habari ya mashine, maana wenzangu watauliza. Ilikuwepo, kwenye droo ya meza yangu, pamoja na kopo la vijiti vya kupimia. Vijiti vilikuwa vichache na havikuletwa kwa uhakika, hivyo mimi na wenzangu tulikubaliana vitunzwe kwa ajili ya dharura: mgonjwa aliyezimia, mtoto mwenye degedege, mjamzito. Mtu anayetembea kwa miguu yake na kucheka hakuwa dharura. Niliviona vijiti kama akiba. Siku niliyorudi kwenye ile droo, baada ya kijana kuondoka, nilikuta kopo moja la vijiti 50 limepitisha muda wake wa matumizi. Nilikuwa nimevitunza mpaka vikaharibika. Katika hivyo 50, kimoja tu kingemtosha yule mama. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba tatizo lilikuwa uhaba wa vifaa. Uhaba upo, naujua na ninaupigia kelele kila kikao, lakini safari hii haukuwa sababu.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimeelewa sawasawa kwa nini presha peke yake ni sababu ya kutosha ya kumpima mtu sukari. Nilijua kwamba magonjwa haya hupenda kufuatana, kila mtu mtaani anajua. Sikujua uzito wake. Mwili unapoanza kuikaidi insulini, kongosho hutengeneza insulini nyingi zaidi ili kuishinda hali hiyo; insulini hiyo nyingi huzifanya figo zishikilie chumvi, na uzito wa tumboni pamoja na mishipa inayozidi kukakamaa humalizia kazi. Presha inaweza kupanda hata kabla sukari haijavuka mpaka wa ugonjwa. Yaani mtu anayekuja kwangu na presha huenda yuko njiani kuelekea kwenye kisukari, au ameshafika na hakuna aliyemwambia. Na akiwa na yote mawili, hatari ya kiharusi, ya moyo na ya figo hupanda kuliko akiwa na moja.

Haya hayakuwa siri. Mwaka 1998 Waingereza walichapisha matokeo ya utafiti uliowafuata watu 1,148 waliokuwa na kisukari na presha kwa pamoja. Kundi moja lilishushiwa presha kwa nguvu zaidi, wastani ukawa 144 kwa 82. Jingine likabaki na wastani wa 154 kwa 87. Tofauti ni pointi 10 tu juu na 5 chini. Lakini waliosukumwa chini zaidi walipungukiwa na vifo vinavyotokana na kisukari kwa 32% na kiharusi kwa 44%. Mwaka 2008 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani likashauri kwamba mtu mzima asiye na dalili yoyote, ilimradi presha yake inakaa juu ya 135 kwa 80, awe anatumia dawa au hatumii, apimwe kisukari. Hoja yao ilikuwa hiyo hiyo: ukijua kwamba huyu mwenye presha ana sukari pia, unabadilisha namna unavyomtibu presha yenyewe.

Nikirudi kwenye daftari la yule mama, 148 kwa 90 niliyokuwa nikiiandikia "nafuu" haikuwa nafuu kwake. Ningejua ana kisukari nisingeridhika nayo. Ningepima mkojo wake kuona kama figo zinavujisha protini, na kama zinavujisha ningemhamishia kwenye zile dawa za presha zinazolinda figo. Ningemvua viatu. Ile dawa ya kukojoza niliyoilaumu kwa mkojo wake wa usiku yenyewe inaweza kupandisha sukari kidogo. Si sababu ya kuiacha, ni dawa nzuri na imeokoa wengi, lakini ni sababu nyingine ya kumpima aliyeandikiwa. Nakuomba wewe unayeimeza usiiache kwa kusoma haya.

Walionifundisha nao walifundishwa katika nchi tofauti na hii. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa takribani mtu 1 tu kati ya 100. Wakati huo ilikuwa haki kufikiria malaria kwanza, kifua kikuu kwanza, na sukari baadaye sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta presha kwa takribani 26% na sukari iliyopanda kwa takribani 9%. Vipimo vya uchunguzi ule wa kwanza na huu wa pili havikufanana kila kitu, lakini hakuna anayefanya kazi wodini atakayebisha kwamba ugonjwa umeongezeka. Na kwa makadirio ya shirikisho la kimataifa la kisukari ya mwaka 2021, zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kama wanacho. Nusu hiyo hatuijui iko wapi, isipokuwa sehemu yake moja. Wapo ambao tayari wanakaa kwenye benchi letu kila mwezi na daftari mkononi. Hakuna haja ya kuwatafuta kwa spika za matangazo. Wamekuja wenyewe.

Sitaficha kwamba wapo wataalamu wanaotilia shaka kupima watu wasio na dalili. Mwaka 2012 utafiti mwingine wa Uingereza, uliohusisha zaidi ya watu 20,000 wa miaka 40 hadi 69 waliokuwa katika hatari, ulionyesha kwamba kuwaita wapimwe hakukupunguza vifo ndani ya takribani miaka 10. Na lile jopo la Marekani mwaka 2015 lilibadilisha ushauri wake: likaacha kuitumia presha kama kigezo na badala yake likaangalia umri na uzito. Nimeyafikiria hayo sana, kwa sababu yangenipa mlango wa kutokea. Sikuupita. Yule Mwingereza ambaye hakuitwa kupimwa ana daktari wake wa familia, na sukari yake ina nafasi kubwa ya kugunduliwa katika ziara ya kawaida, ikiwa bado changa. Wetu asipopimwa kwenye kliniki ya presha, anagunduliwa na kidonda. Na kuhusu uzito, nina wagonjwa wembamba kabisa wenye sukari, watu wa jembe na jahazi. Nikisubiri mpaka mtu anenepe ndipo nimpime, nitawakosa hao.

Nilibadilisha utaratibu wa kliniki yangu. Kila mwenye presha anapimwa sukari anapoandikishwa, na baada ya hapo kila mwaka. Tunamwambia asile wala asinywe chai tangu usiku, angalau saa 8 kabla ya kupimwa; maji anaruhusiwa. Anaosha kidole kwa maji na kukikausha, kwa sababu mtu aliyemenya embe njiani anaweza kutoa namba ya uongo kutokana na utamu uliobaki kwenye ngozi. Tunatoboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako hakuumi sana. Akiwa na 7.0 au zaidi hajala kitu, tunarudia siku nyingine kabla ya kumpa jina la ugonjwa. Aliyekula akitoa 11.1 au zaidi na ana dalili, hatungoji. Aliye kati ya 6.1 na 6.9 tunamweleza kwamba yuko ukingoni, na huyo kwa kweli ndiye ninayemfurahia kumpata, maana bado ana nafasi ya kurudi nyuma kwa chakula na kutembea. Kipimo kile cha wastani wa miezi mitatu ni kizuri pale kinapopatikana, ila kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kinaweza kupotosha, na hao huku pwani tunao wengi.

Foleni imekuwa ndefu. Vijiti bado vinaisha, na vinapoisha naandika kwenye daftari la mgonjwa, kwa herufi kubwa, HAJAPIMWA SUKARI, ili atakayemwona mwezi ujao asidhani kwamba kimya maana yake ni salama. Namba zote sasa ziko kwenye ukurasa mmoja, presha na sukari, na ile rejesta ya pili tumeifunga.

Ilinichukua muda mrefu kwenda nyumbani kwa yule mama. Nilimkuta ameketi barazani, mjukuu akikanda unga. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamweleza kila kitu: mashine ilikuwepo, sikuitumia, na nilichomwambia kijana wake kilikuwa uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikwambia nakojoa, mwanangu." Akanyamaza. Sikuwa na jibu na sikulitafuta. Kijana wake alinisindikiza hadi barabarani bila kusema neno, na siku hizi humpeleka mama yake kliniki ya mji mwingine, kwa nauli ambayo naijua ni nzito kwao. Ana haki.

Kwa wenzangu tunaoshika mashine ya presha, ombi langu ni moja: angalieni droo zenu leo. Na wewe unayemeza dawa za presha, au unayempeleka mzazi wako kliniki, fungua daftari na utafute namba ya sukari ya mwaka huu. Usipoiona, safari ijayo nenda hujala kitu, na mwambie anayekuhudumia kwamba hutoki chumbani humo mpaka akutoboe kidole. Atakayekukasirikia kwa hilo amekosea yeye, si wewe. Kama unakojoa sana usiku, unakonda bila kutaka, au miguu imekufa ganzi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kesho.